Bei ya Ufundi Visiwani Amu

Basi la Mombasa huishia Mokowe. Lami inakoma, mikoko inaanza, na kila abiria, awe mwalimu, mfanyabiashara au bibi aliyebeba kuku kikapuni, anakuwa mtu wa baharini. Hujashusha begi, vijana wa gatini wameshakuuliza: Amu, Shela, Matondoni, Mtangawanda, Faza? Maboti ya faiba yamelala ubavu kwa ubavu, kila moja na mashine yake nyuma. Nyingi ni Yamaha Enduro za nguvu ya farasi 40, za silinda mbili, rangi imebanduka, na baadhi hazina hata kifuniko. Mimi nilichagua boti kwa kuangalia mashine. Ilipowashwa niliinama nikatazama kitundu kidogo cha pembeni: maji yalikuwa yanaruka kwa nguvu, bila kukatika. Maana yake pampu inavuta, na joto linatoka. Nikaketi.

Nilikuja Amu, yaani Lamu, kwa ajili ya mashine hizi. Ndugu zangu na mimi tuna boti ndogo katika hori ya Mtwapa, ya kuvulia na ya kuwatembeza jamaa siku za sikukuu, na mashine yake ni ya aina hiyo hiyo. Mwaka huu ilianza kupanda joto, tukaipeleka kwenye karakana moja yenye sakafu ya saruji na mafundi waliovaa ovaroli. Ilirudi nzima. Bili ndiyo iliyonishughulisha: raba ya pampu ya maji, gasketi, oili ya gia, halafu mstari mmoja ulioandikwa "kazi, saa 6", na mstari huo peke yake ulizidi mara tatu jumla ya vifaa vyote. Nilipouliza ni kazi ipi iliyochukua saa 6, wa kaunta alijibu kwamba ndivyo kompyuta ilivyotoa. Sikuwa na la kumrudishia, kwa kuwa sikujua kama nimelipa haki, nimepunjwa, au pengine nimelipa kidogo kwa kazi ngumu. Hilo la mwisho lilinisumbua kuliko yote. Nikaona bora niende mahali ambapo karakana ya namna ile haipo, na ambapo mkate wa watu unategemea mashine hizi kila siku ya Mungu.

Fundi niliyeelekezwa yuko Wiyoni, upande wa kaskazini wa mji, mbali na barabara ya pwani ambako wageni hupigia picha milango ya nakshi. Karakana yake ni banda la makuti karibu na maji. Ubao mnene umekomewa juu ya magogo, una jiliwa upande mmoja, na pembeni lipo pipa la lita 200 lililokatwa mdomo na kujazwa maji. Makopo ya boliti na nati yamepangwa kwa ukubwa. Mashine nne zimesimamishwa kwenye mbao, mbili kati yake zimevuliwa miguu, ile sehemu ya chini inayobeba gia na rafadha.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Wataka kutengeneza au wataka kutazama?"

Nilimwambia nataka kutazama. Akanionyesha kigoda.

Asubuhi hiyo ililetwa mashine ya boti la abiria. Tatizo lake lilikuwa lile lile la kwetu: maji yanatoka kwa unyonge na mashine inakuwa ya moto. Fundi hakukimbilia spana. Alichukua waya mwembamba, akauchomeka kwenye kitundu cha maji na kuusokota, kwa kuwa mara nyingi chumvi huganda hapo mdomoni tu na pampu haina kosa. Alikuwa na mteja, alinieleza, aliyewahi kulipia pampu mpya mahali kwingine kwa tatizo la waya wa dakika moja. Alipoitia mashine kwenye pipa na kuiwasha, maji yalikuwa yale yale. Basi ni pampu.

Pampu yenyewe ni kitu kidogo. Inakaa juu ya mguu, ndani ya nyumba yake ya plastiki yenye kikombe cha chuma kisichoshika kutu. Ndani ya kikombe kuna gurudumu la raba lenye mabawa sita, linalozungushwa na shafti ile ile inayoendesha gia. Mabawa yanapinda upande mmoja na kufunguka upande mwingine, na kwa kufanya hivyo yanavuta maji ya bahari na kuyasukuma juu yakazunguke silinda. Raba ikizeeka hukakamaa na kubaki imepinda. Ikipitisha mchanga, ncha zake husagika. Na Amu, mchanga na tope haviepukiki. Mkondo wa Mkanda unaotenganisha kisiwa cha Manda na bara una maji haba yakipwa, na boti lililochelewa hupita humo likikoroga tope kwa rafadha na kuinywesha pampu.

Kubadilisha raba hiyo, ukiwa na mashine mpya kwenye meza safi, ni kazi ya muda mfupi. Unatenganisha ufito wa gia, unafungua boliti zinazoshika mguu, unaushusha, unafungua boliti nne za nyumba ya pampu, unatoa raba ya zamani na kipini chake kidogo cha chuma, unaweka mpya. Unapoirudisha nyumba ya pampu unaizungusha shafti kwa upande wake wa kawaida huku ukikandamiza, ili mabawa yote yapinde kunakotakiwa. Meno ya juu ya shafti unayapaka grisi, unaulenga mrija wa maji uingie mahali pake, unafunga. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, na hesabu yangu haikufika hata saa moja.

Lakini mashine hii ilikuwa imekaa chumvini miaka. Boliti za chuma kisichoshika kutu zilikuwa zimefungwa ndani ya alumini, na metali mbili za namna hiyo zikiwekwa pamoja katika maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa. Alumini ndiyo dhaifu. Inatoa unga mweupe unaojaza nyuzi za boliti na kuigandisha. Fundi aliigusa ya kwanza kwa spana, akatulia, akaisikiliza. Hakuilazimisha. Aliipigapiga kichwani kwa nyundo ndogo, akaimwagia mafuta mepesi ya kupenya, akaipasha moto pembeni kwa tochi ya gesi, akaizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu iligoma. Akaizidishia mafuta, akaiacha, akaenda msikitini kuswali adhuhuri. Aliporudi alianza tena, kwa upole ule ule, na kijana anayemfundisha kazi akishika mguu usitikisike. Ilitoka ikiwa nzima. Pampu ilichukua muda mfupi, na boliti zilikula asubuhi yote na zaidi.

Mwenye boti alikuja alasiri. Spea zilikuwa shilingi 4,500, akazilipa bila neno. Ufundi ulikuwa 2,000. Hapo akaketi, akaanza: mbona ghali, kwani umefanya nini zaidi ya kubadili raba, hebu chukua 1,000. Walipimana maneno, kwa heshima na kucheka, mpaka wakafika 1,500. Nilisikia uchungu, na bado ninausikia ninapoandika. Bei ya spea ilipangwa na mtu wa duka Mombasa ambaye hakuna anayethubutu kumpunguzia. Raba ile ingekuwa 6,000, ingelipwa 6,000. Jasho la mtu aliyekaa mbele yetu ndilo linalokatwa.

Nilimuuliza fundi, boti lilipoondoka, kwa nini alikubali. Alinionyesha ile boliti ya tatu. Ingekatikia ndani, alisema, angelazimika kuitoboa katikati kwa keekee, kuitoa kipande kwa kipande, kisha kukata nyuzi upya kwa saizi kubwa zaidi. Keekee ikiteleza inatoboa alumini, na mguu mzima unasafirishwa kwenda Mombasa ukasubiri zamu yake. "Yule ameona raba," alisema. "Hakuona ambalo halikutokea." Na zaidi ya hayo, mashine ikipanda joto tena ndani ya mwezi mmoja, itarudishwa hapa na ataifungua bure. Dhamana hiyo imo ndani ya zile 1,500.

Nilikaa pale nikaifikiria bili ya Mtwapa kwa macho mengine. Karakana nyingi kubwa, hapa na ng'ambo, hutoza kwa saa za kitabu: kila kazi ina muda wake uliokwisha kupangwa, fundi amalize mapema au achelewe. Ndani ya saa hizo kuna kodi ya jengo, umeme, bima, mshahara wa siku ambazo hakuna boti lililoletwa, na zile spana maalumu zinazotumika mara moja kwa mwaka. Inawezekana kabisa boliti zetu zilikuwa zimeganda. Sisi wenyewe hatukuwa tumewahi kuzifungua tangu tununue mashine, wala kuzipaka grisi. Ninachoidai karakana ile hadi leo ni maelezo. Mteja akiambiwa kwamba boliti mbili ziligoma, akaonyeshwa raba iliyosagika, atalipa na atarudi. Akiambiwa kompyuta imesema, ataondoka akidhani ameibiwa hata kama hakuibiwa.

Kesho yake nilisubiri maji yajae, nikapanda boti la wavuvi la kwenda Kizingitini, ncha ya kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Pate. Nahodha ni mtu wa rika langu, mkimya, anayekaa nyuma na mkono mmoja kwenye mpini muda wote kama aliyeshika mkono wa mtoto sokoni. Tuliingia Mkanda na maji mengi, mikoko imezama hadi kiunoni. Hata hivyo katikati ya mkondo alizima mashine ghafla. Mimi sikuwa nimeona kitu. Yeye alikuwa ameona kwamba maji ya pembeni yamekatika.

Aliinua mashine juu. Kwenye matundu ya kuvutia maji, pembeni mwa mguu, kipande cha nailoni ya gunia kilikuwa kimejibandika kama ngozi. Alikibandua, akakitia botini badala ya kukirudisha baharini, akangoja mashine ipoe kidogo, akawasha, akatazama kitundu. Maji yakaruka. Tukaendelea. Jambo zima lilichukua muda mfupi kuliko kulisimulia. Lakini pampu isiyopata maji hujisugua yenyewe kavu na kuungua haraka, kisha silinda zinapanda joto, pistoni inavimba na kushika ukuta. Nahodha ambaye hatazami nyuma yake angefika nyumbani kwa kuvutwa na kamba.

Tulipotoka Mkanda tuliingia ghuba ya Manda. Upande wa bara, pale Kililana, inaonekana bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Wavuvi wa visiwa hivi walikwenda mahakamani kwa sababu yake, maana uchimbaji wa kina uligusa mazalio ya samaki na njia zao, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Katika makubaliano yaliyofuata, sehemu kubwa ya fidia ilipangwa itolewe kwa vifaa: maboti, mashine, nyavu. Nahodha alilizungumza jambo hilo akitazama mbele. Mashine kubwa, alisema, itakupeleka nje ya miamba ambako samaki bado wapo. Ila mashine inaletwa ndani ya boksi, na ndani ya boksi hamna fundi.

Chini ya benchi lake ana mkebe wa mafuta ya kupikia uliofungwa kwa mpira wa tairi. Nilimuomba aufungue. Spana ya plagi, plagi mbili zilizoviringishwa kwenye kitambaa chenye oili, bisibisi mbili, plaizi, waya, kamba ya kuwashia ya akiba, pini za rafadha, kipande cha msasa, kopo dogo la grisi. Vyote vilikuwa vikavu. Alichomoa plagi moja ya mashine tulipotia nanga Faza kushusha abiria, akanipa niisome. Ncha yake ilikuwa ya kahawia iliyokolea, na hiyo ndiyo inayotakiwa. Ikiwa nyeusi yenye majimaji ya oili, ama oili imezidi kwenye petroli ama mashine imetembezwa polepole mno. Ikiwa nyeupe na kavu, inapata moto kupita kiasi, na dawa yake itafutwe siku hiyo hiyo. Mashine ya silinda mbili hukupa plagi mbili za kulinganisha, na tofauti kati yao hukwambia silinda ipi ina shida. Elimu hiyo haina gharama ila ya kuinama.

Kuhusu oili nahodha ni mkali. Mashine hizi hazina tangi la oili la peke yake: oili huchanganywa na petroli, sehemu moja kwa 50, yaani mililita 400 kwa kila lita 20, na mashine mpya hupewa mara mbili ya hiyo mpaka izoee. Oili lazima iwe ya mashine za boti. Ile ya pikipiki imetengenezewa injini inayopozwa kwa upepo na hufanya kazi kwenye joto jingine. Lakini dukani huwa rahisi, na kijana aliyetumwa akapewa pesa pungufu huinunua. Nahodha hupima kwa chupa aliyoichora mstari kwa msumari, naye huchanganya mwenyewe.

Nchini Marekani na Ulaya mashine za namna hii karibu zimekwisha madukani. Sheria za hewa chafu ziliziondoa, na kwa haki, kwa kuwa mashine ya kabureta ya mapigo mawili inaweza kutema hadi robo ya petroli yake majini bila kuiunguza. Hata kampuni ya Evinrude, iliyoanzwa na Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyeuza mashine zake za kwanza kule Milwaukee mwaka 1909, ilisitisha uzalishaji wake mwaka 2020. Najua uchafu huo, na nimeona utando wa mafuta unavyotandaa gatini Mokowe. Lakini nimeona pia kwa nini wavuvi hawaziachi. Mashine mpya ya mapigo manne yenye kompyuta ndani yake ikikataa kuwaka nje ya kisiwa cha Ndau, hakuna mkebe utakaoisaidia. Inataka kifaa cha kuisoma, na kifaa kiko Mombasa. Anayetaka wavuvi wabadili mashine awaletee kwanza mtu wa kuzitengeneza karibu yao, na bei ya kazi yake iwe wanayoiweza.

Tulifika Kizingitini mchana umeinama. Huu ni mji wa kamba wa mawe na pweza, na vijana wanaozamia huuza kwa mizani siku hiyo hiyo. Mara tu mzigo uliposhushwa, mashine ya nahodha ilivuliwa kwenye boti na kubebwa mabegani na wanaume wawili. Kilo 70 na zaidi, wakitembea kwenye tope hadi magotini. Niliwafuata nyumbani, nikaona jambo ambalo Mtwapa halikuwahi kunipitia akilini.

Kila anayemiliki mashine ya boti ameambiwa aisafishe kwa maji matamu baada ya bahari. Sisi tuna bomba. Tunafungua, tunaiacha mashine ikizunguka kwenye ndoo, na tusipofanya ni uvivu tu. Kizingitini maji matamu hutoka jabia, yale majengo ya zege yanayokinga mvua na kuihifadhi chini. Mvua ikichelewa, mwishoni mwa kaskazi kabla ya masika, kila dumu lina mwenyewe. Pipa la kusafishia mashine ni maji ya kunywa ya nyumba. Mama wa nahodha ndiye mwenye hesabu ya jabia lao, na ndiye aliyeamua leo yatoke madumu mangapi.

Hawayamwagi. Mashine hukamuliwa kwanza maji ya bahari, hufutwa nje kwa kitambaa chenye maji kidogo, ndipo inatiwa pipani na kuwashwa kwa muda mfupi, kisha bomba la petroli linachomolewa ili kabureta iunguze yaliyobaki na kukauka. Petroli ikilala ndani ya kabureta huacha gundi kwenye vitundu vyake, na asubuhi mashine huvutwa kamba mpaka bega linauma. Maji ya pipa yanafunikwa yatumike tena kesho yake na keshokutwa. Nahodha huonja kwa ulimi. Yakishika chumvi, ndiyo ya kuoshea boti na kamba. Nilipomuuliza kama kweli inafaa, alinionyesha mashine mbili za umri mmoja zilizonunuliwa pamoja na ndugu wawili. Ya kwake inaonyesha alumini safi ndani ya matundu yake. Ya pili imekaa kwenye ua ikiwa ganda, njia zake za maji zimejaa mawe ya chumvi.

Usiku, tukiwa tumeketi barazani na wavuvi wengine, nilileta hoja yangu ya bei ya ufundi. Walinisikiliza kwa adabu, halafu mzee mmoja akanihesabia upya. Mashine ikifa hapa, alisema, unalipa nauli ya mashine mpaka Amu, na nauli yako. Unalala Amu. Fundi anasema yataka spea fulani, unapiga simu Mombasa, spea inakuja na basi kesho au keshokutwa. Unarudi kwa maji yanayofaa kupita Mkanda. Siku zote hizo boti limelala ufukweni na watu watano waliokuwa wakilitegemea wanakopa unga. Ukijumlisha yote, alichokula fundi ni kidogo kuliko kila kimoja kati ya hivyo. "Sisi tunajitengenezea si kwa sababu fundi ni ghali," alisema. "Fundi yuko mbali."

Hapo hesabu yangu yote ilihama. Nilikuwa nimeshughulika na mstari mmoja wa bili, na watu hawa walikuwa wakilipa mistari isiyoandikwa popote.

Kwa hiyo wamejifunza, na wamejifunza kwa mipaka. Oili ya gia wanabadili wenyewe: skrubu ya juu inafunguliwa, ya chini inatolewa, oili inadondoka kwenye sahani na kutazamwa. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mara nyingi kosa ni la mshipi wa nailoni uliojizungusha nyuma ya rafadha na kukata sili polepole, kwa hiyo rafadha inavuliwa kila mara na shafti inakaguliwa. Oili mpya inajazwa kutoka chini mpaka itokeze juu, hewa isibaki ndani. Kile kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mashine ili kiliwe na bahari badala ya alumini, wanakibadili kikiisha nusu na hawakipaki rangi, maana kikipakwa rangi hakilindi chochote. Kabureta wanaifungua na kuisafisha. Raba ya pampu, nahodha na wenzake wawili wanaiweza. Boliti iliyoganda hawaigusi.

Wala hawafungui kichwa cha silinda. Mzee yule alisimulia habari za kijana aliyefungua chake kwa spana ya kawaida, akarudisha boliti kwa nguvu za mkono, moja imebana na nyingine imelegea. Kichwa kikapinda, gasketi ikaungua, maji ya bahari yakaingia kwenye silinda. Kazi ambayo fundi wa Wiyoni angeifanya kwa spana yake ya kipimo, akifuata mpangilio wa boliti kutoka katikati kwenda nje, ikageuka kuwa kununua mashine nyingine.

Kisa walichokipenda zaidi ni cha mashine iliyozama. Boti lilipinduliwa na mawimbi ya kusi karibu na mwamba, watu wote wakatoka salama, na mashine ikavutwa kesho yake kutoka chini. Mwenyewe alitaka kuikausha juani, kama mtu yeyote angefikiri. Nahodha alikataa. Chuma kilichokwisha kunywa chumvi huharibika upesi zaidi kinapokutana na hewa. Waliisuuza kwa maji ya jabia, wakachomoa plagi, wakaizungusha kwa kamba mpaka maji yakatoka yote, na kwa kuwa haikuwezekana kuifungua siku hiyo, wakaizamisha yote ndani ya pipa la maji matamu hadi fundi alipofika kwa boti kutoka Amu. Nyumba tatu zilitoa maji. Fundi aliifungua, akaikausha, akaitia oili kwenye silinda na beringi, akaiwasha jioni ile ile. Mashine ile bado inavua. Nilipouliza fundi alilipwa nini, waliniambia alichotaja, na hakuna aliyempunguzia, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amekwisha kuishika mashine ile kwa mikono yake na alijua nini kilikuwa kimebaki.

Niliporudi Wiyoni nilimpelekea fundi salamu na ombi ambalo nahodha na wenzake walikuwa wamenituma: aje Kizingitini miezi ya kusi kali, maboti mengi yanapokuwa hayatoki, akae nao siku kadhaa, afungue mashine zao moja baada ya nyingine na wao wakishika spana. Alikubali papo hapo, kwa masharti. Alipwe kwa siku, na nauli ya kwenda na kurudi iwe juu yao. Kila mtu alete mashine yake mwenyewe, na aufungue mguu kwa mikono yake, yeye fundi akitazama. Na boliti zote zitakazotoka zirudi na grisi, asikute siku nyingine unga mweupe.

Niliandika orodha ya spea nitakazotuma na basi kutoka Mombasa: raba za pampu na vipini vyake, gasketi, sili za shafti ya rafadha, zinki, plagi, grisi ya baharini ya makopo mawili, na spana moja ya kipimo itakayobaki Kizingitini kwa matumizi ya wote. Ujira wake niliuandika juu kabisa ya karatasi, kabla ya spea, nikamsomea. Akaniongezea kitu kimoja nilichosahau, msasa laini, kisha akanirudishia kalamu, akainama kwenye pipa kuangalia mashine ya mtu aliyekuwa akisubiri.